Japani, Vietnam na Wakhmer: nani alijifunza nini kwa nani?

Swali la msomaji: "Mwalimu, kila ninaposoma historia ya kale ya Asia nachanganyikiwa. Wengine wanasema Japani, Vietnam na Kamboja zote ni watoto wa China. Sasa mbona mahekalu ya Wakhmer ni ya Kihindu? Wavietnam na Wakhmer ni ndugu au ni majirani tu? Halafu kuna hii miaka: Japani naambiwa ilianza 660 KK, Vietnam 2879 KK, Wakhmer 802 BK. Niamini upi?"

Jibu

Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyezaliwa na China. Walichukua mambo kutoka nje, tena mengi, ila kila mmoja aliyapokea kwa mlango wake. Japani haikuwahi kutawaliwa na China. Ilichagua ilichokitaka, na sehemu kubwa ilipitia mikononi mwa Wakorea. Vietnam ya kaskazini ilikuwa chini ya utawala wa Kichina kwa zaidi ya miaka elfu moja, kuanzia 111 KK hadi 938 BK, maasi yakiukatiza mara kadhaa. Wakhmer hawakutawaliwa na China wala India. Herufi, miungu na lugha ya ibada viliwafikia kwa majahazi ya biashara, pamoja na makuhani waliosafiri humo. Hiari, upanga na biashara: ukishika hayo matatu, mengi yanayokuchanganya yatajipanga yenyewe.

Tuanze na kilichokuwepo kabla ya wageni. Japani watu walifinyanga vyungu zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, na hawakuwa wakulima. Waliishi kwa kuvua, kuwinda na kuokota njugu za msituni. Kipindi chao kinaitwa Jomon, maana yake "alama za kamba", kwa sababu walibingirisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi ili kupata nakshi. Aliyefundishwa shuleni kwamba ufinyanzi huja na kilimo hapa hukwama, na hana budi kukifuta alichofundishwa.

Mpunga ulikuja baadaye sana, ukitoka rasi ya Korea hadi kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu. Vitabu vya zamani vinataja mwaka 300 KK hivi. Vipimo vipya vya kaboni, vilivyoanza kutangazwa mwaka 2003, vimeurudisha mwanzo huo nyuma hadi kati ya karne ya 10 na ya 8 KK. Kwa hiyo ukikuta vitabu viwili vinapishana kwa miaka 500 kuhusu mwanzo wa kipindi cha Yayoi, yaani kile cha wakulima wa mpunga, usianze kuwagombanisha waandishi. Tazama kwanza kila kitabu kilichapishwa lini.

Tena mpunga haukuja kama mbegu peke yake. Jaruba linataka ardhi iliyosawazishwa, tuta la kuzuia maji, mfereji wa kuyaingiza, mwingine wa kuyatoa, na maelewano ya nani afungulie maji na lini. Maelewano yakivunjika, majirani hupigana. Ndiyo maana baada ya mpunga kuenea tunaona vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, kama Yoshinogari mkoani Saga, ambako makaburini kumetoka mifupa ya watu waliopigwa mishale na hata kiwiliwili kisicho na kichwa.

Upande wa Vietnam, jambo la kushika ni bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Utamaduni wa Dong Son, unaoitwa kwa jina la kijiji kilicho kando ya mto Ma mkoani Thanh Hoa, ulistawi kuanzia karne ya 7 au 6 KK. Ngoma zake za bronzi zilisafirishwa mpaka visiwa vya Indonesia. Ngoma ya Ngoc Lu ina upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 63. Katikati ya uso wake pana nyota yenye miale 14, kisha pete baada ya pete za ndege, paa na watu waliovaa manyoya, wakitwanga na kupiga ngoma. Ngoma nyingine, iliyochimbuliwa Co Loa karibu na Hanoi mwaka 1982, ina uzito wa kilo 72 na ndani yake mlikuwa mmejazwa vitu vya bronzi, vingi vikiwa ncha za jembe la plau. Makadirio ni kwamba kuipata shaba ya ngoma hiyo moja kulihitaji kuyeyusha kati ya tani 1 na tani 7 za mawe ya madini. Kazi hiyo haifanywi na ukoo mmoja msimu wa kiangazi. Inataka wachimbaji, wachoma makaa, mafundi, na mtu wa kuwalisha wote hao.

Hapohapo Co Loa kuna ngome yenye kuta tatu za udongo, ule wa nje ukiwa na urefu wa kilomita 8 hivi. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni kazi ya Wachina. Uchimbaji wa 2007 na 2008 uliukata ukuta wa kati na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ilijengwa kati ya 300 na 100 KK, yaani jeshi la nasaba ya Han lilipofika mwaka 111 KK ukuta ulikuwa umeshainuliwa. Hoja ya "watoto wa China" inavunjikia hapo.

Baada ya ushindi wa Han kulitokea uasi wa mwaka 40 BK, ulioongozwa na akina dada wawili, Trung Trac na Trung Nhi. Jenerali Ma Yuan aliuzima mwaka 43. Historia ya Kichina inaeleza kwamba alichukua ngoma za bronzi za wenyeji, akaziyeyusha na kusubu sanamu ya farasi. Wengi husoma habari hiyo kama uporaji wa kawaida, nami naona hawaitendei haki. Ngoma ile ilikuwa alama ya mamlaka ya chifu, sawa na siwa kwetu pwani. Kuiyeyusha ilikuwa sawa na kumvua chifu uchifu wake mbele ya watu wake.

Sasa tuje kwenye maandishi, maana hapo ndipo tofauti ya ile milango mitatu inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Alama ya Kichina hubeba neno zima, na neno la Kichina halibadiliki umbo. Chukua neno letu "nitakupikia". Kuna alama ya "mimi", ya "wewe" na ya "pika". Lakini ile ta ya wakati ujao utaiandikaje, na ile -ia ya mwisho? Mjapani alikwama papo hapo. Kitenzi chake kina mikia, hukaa mwisho wa sentensi, na kila nomino hufuatwa na kijineno cha kuonyesha kazi yake. Tatizo si geni kwetu: waliosoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu wanajua kwamba hati ile ina alama za vokali fupi tatu, sisi tunazo vokali tano, ikabidi e na i walale kitanda kimoja.

Jinsi Wajapani walivyojikwamua inaonekana kwenye upanga mmoja wa chuma. Ulichimbuliwa mwaka 1968 katika kaburi la Inariyama mkoani Saitama, na kwa miaka kumi ulikuwa chuma chenye kutu tu. Mwaka 1978 ulipigwa eksirei ili uhifadhiwe vizuri, na chini ya kutu yakajitokeza maandishi 115 ya dhahabu. Matano kati yake yanaandika jina la mfalme, Wakatakeru: wa-ka-ta-ke-ru. Alama ya pili, 加, maana yake ni "kuongeza". Ya tatu, 多, ni "nyingi". Mfalme hahusiani na kuongeza wala wingi. Mwandishi alizitupa maana akabaki na sauti. Karne kadhaa baadaye 加 iliandikwa harakaharaka mpaka ikalegea na kuwa か, ambayo ndiyo "ka" ya Kijapani mpaka leo, na kipande cha 多 kikawa タ, "ta". Yaani mtoto wa darasa la kwanza Tokyo anajifunza herufi zilizotoka kwenye alama zilezile mbili za upanga ule.

Katikati ya safari hiyo kuna mwandishi O no Yasumaro, aliyekabidhi Kojiki, kitabu cha historia ya kale ya Japani, mwaka 712. Katika dibaji yake analalamika wazi: akiandika kwa maana tupu, maneno hayafiki moyoni, akiandika kwa sauti tupu, habari inarefuka mno. Akaamua kuchanganya. Kijapani kinaandikwa kwa mchanganyiko huo hadi sasa.

Wavietnam walikuwa na hali nyingine. Kichina kilikuwa lugha ya serikali yenyewe, na hata baada ya uhuru kiliendelea kuwa lugha ya sheria na mitihani. Mitihani ya kwanza ya nasaba ya Ly ilifanyika mwaka 1075. Hati yao wenyewe, Nom, ilitengenezwa kwa kuunganisha. Neno ba, maana yake "tatu", liliandikwa kwa kuibandika alama yenye sauti ya ba, 巴, pamoja na alama ya tatu, 三. Upande mmoja unakupa sauti, wa pili unakupa maana. Ni ubunifu mzuri wenye kasoro moja kubwa: ili uisome Nom, sharti uwe umeshajua Kichina. Njia ya mkato iliyoanza kwa safari ndefu haikuweza kuwafikia wakulima.

Wakhmer hawakuwa na shida hizo. Herufi walizochukua zilitoka India ya kusini na zinaandika sauti, siyo maneno: kila konsonanti hubeba "a" ndani yake, na vokali nyingine huonyeshwa kwa alama za kuongezea. Jiwe la kale zaidi la lugha ya Kikhmer lenye mwaka, lililopatikana Angkor Borei, kusini mwa Kamboja, ni la 611 BK. Mawe mengi ya Wakhmer yana lugha mbili, na hapa ndipo msomaji anayetegemea tafsiri hupotea. Kisanskriti, lugha ya ibada iliyotoka India, kiko kwa mashairi, kinawasifu miungu na mfalme. Kikhmer kiko kwa nathari kavu, kinaorodhesha watumishi wa hekalu, mashamba, mipaka yake, ng'ombe na vipimo vya mchele. Tafsiri za zamani zilipenda mashairi zikaiacha orodha. Ukitaka kujua watu walikula nini na nani alimiliki nini, soma orodha.

Mahekalu ya Kihindu nayo yamefafanuliwa na njia hiyohiyo ya bahari. Karne za kwanza BK, kusini mwa delta ya Mekong palikuwa na dola ambayo Wachina waliiita Funan. Mji wake wa biashara, Oc Eo, uko leo mkoani An Giang, ndani ya Vietnam. Ulipochimbwa mwaka 1944 na Louis Malleret ulitoa shanga, vito, mihuri yenye herufi za India na medali ya dhahabu ya Kaisari wa Roma Antoninus Pius. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana jinsi mji kama huo unavyotajirika: ni kaskazi na kusi za bahari ile. Jahazi linakuja na upepo mmoja na haliwezi kurudi mpaka upepo ugeuke, kwa hiyo mabaharia na makuhani wanakaa miezi, wanakula, wanaoa, wanafundisha. Mfereji wa kilomita 70 hivi uliuunganisha Oc Eo na Angkor Borei bara. Wajumbe wa Kichina walifika Funan katikati ya karne ya 3, na waliyoyaandika bado ni tegemeo letu kubwa. Hata jina la Funan ni lao, hatulikuti kwenye mawe ya wenyeji.

Umeuliza kama Wavietnam na Wakhmer ni ndugu. Kwa lugha, ndiyo, na jibu hili huwashangaza hata Wavietnam wengine. Zote mbili ni za familia ya Kiaustroasia. Hesabu mpaka tano. Kivietnam: một, hai, ba, bốn, năm. Kikhmer: muoy, pii, bei, buon, pram. Moja, tatu na nne zinajitangaza zenyewe, kama vile tatu yetu na thathu ya Wazulu. Mkono ni tay kwa Kivietnam na dai kwa Kikhmer. Mbona basi Kivietnam kinasikika kama Kichina? Kwa sababu kina toni, na kimejaa maneno ya mkopo ya Kichina. Lakini toni zenyewe si za ukoo wake wa zamani. Mwaka 1954 mwanaisimu Mfaransa André-Georges Haudricourt alionyesha kwamba zilizaliwa humohumo ndani ya Kivietnam, konsonanti za mwisho na za mwanzo zilipodhoofika na sauti ya kupanda na kushuka ikabaki kushika nafasi yake. Kikhmer hakikupita njia hiyo, hakina toni. Kijapani, kwa upande wake, si ndugu wa hao wala wa Kichina.

Ndugu hawa wawili walitenganishwa pia na wa tatu. Vietnam ya kati ilikuwa Champa, dola ya watu wanaosema lugha ya jamii ya Kimalay, wenye mahekalu ya Shiva, mungu wa Kihindu, huko My Son. Kwa hiyo ramani ya leo ya Vietnam imefunika nchi tatu za kale: kaskazini iliyokuja kuitwa Dai Viet, Champa katikati, na delta iliyokuwa ya Funan kusini. Anayeandika "Vietnam ya karne ya 5" bila kusema ni ipi kati ya hizo ameshakupoteza.

Nije kwenye miaka.

Mwaka 660 KK umetoka kwenye Nihon Shoki, kitabu cha mwaka 720 BK. Waandishi wake walitumia mzunguko wa Kichina wa miaka 60. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba walianza na mwaka 601 BK, wakarudi nyuma mizunguko 21, yaani miaka 1,260, wakaangukia 660 KK na kumweka hapo mfalme wa kwanza, Jimmu. Ni hesabu ya unajimu tu. Wakati huo Japani haikuwa na mfalme wala herufi. Mwaka 2879 KK wa Vietnam ni wa aina hiyohiyo, umetoka katika kitabu cha historia kilichokamilishwa 1479. Kitabu hicho kinataja wafalme 18 wa Hung kwa zaidi ya miaka 2,600: gawanya mwenyewe uone kila mmoja alikalia kiti miaka mingapi.

Mzunguko wa miaka 60 una mtego hata kwenye vitu halisi. Upanga wa Inariyama unataja jina la mwaka ndani ya mzunguko, bila kusema mzunguko upi, kwa hiyo unaweza kuwa wa 471 au 531. Wengi wanachagua 471, kwa kuwa Wakatakeru anatambuliwa kuwa ndiye mfalme Yuryaku, na kumbukumbu za China zinataja ujumbe uliotoka kwa mfalme huyo mwaka 478.

Wakhmer ni rahisi zaidi. Walihesabu kwa kalenda ya Saka. Ongeza 78 upate mwaka wetu, ukikumbuka kwamba mwaka wao haukuanza Januari, hivyo unaweza kukosea kwa mmoja. Jiwe moja la Sambor, kando ya Mekong, limeandikwa mwaka 605 wa Saka, ambao ni 683 BK. Itazame ile sifuri ya katikati: ni nukta, na ni miongoni mwa sifuri za kale zaidi duniani ambazo mwaka wake unajulikana. Kosa linalojirudia mitandaoni ni kuuchukua mwaka wa Saka kama ulivyo, mtu akalizeesha jiwe kwa miaka 78 bila kujua.

Mwaka 802 je? Ni afadhali kuliko ile mingine miwili, ila nao si mwanzo. Kabla yake kulikuwa na Funan, kisha dola ambayo Wachina waliiita Zhenla, yenye mji wa Isanapura, leo Sambor Prei Kuk, uliojengwa kwa matofali mwanzoni mwa karne ya 7. Mwaka 802 Jayavarman II alifanyiwa ibada mlimani Phnom Kulen ili awe mfalme mkuu asiye chini ya mwingine. Habari hiyo inatokana na jiwe la Sdok Kak Thom, lililochongwa mwaka 1052 au 1053, miaka 250 baada ya tukio, na ukoo wa makuhani uliotaka kukumbusha haki zake za ardhi. Shahidi mwenye maslahi, basi. Lakini mwaka 2012 helikopta yenye kipimo cha leza ilipita juu ya msitu wa Kulen, na chini ya miti ikaonekana gridi ya barabara, matuta na mabwawa ya mji wa karne ya 8 na 9. Kuhani hakudanganya kuhusu mji.

Mabwawa hayo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Bwawa la Wakhmer, baray, kwa kawaida halichimbwi chini. Linajengewa matuta manne juu ya ardhi, ili maji yakae juu kuliko mashamba yanayolizunguka na yashuke yenyewe yakifunguliwa. Inawezekana kwa sababu uwanda wa Angkor, makao ya baadaye ya wafalme wa Wakhmer, unateremka kidogo sana, kama mita 1 kwa kila kilomita, kutoka milima ya Kulen kaskazini-mashariki kwenda ziwa la Tonle Sap. Indravarman I alijenga la kilomita 3.8 kwa mita 800, kazi iliyoanza alipotawazwa 877. Mwanawe Yasovarman akajenga Baray ya Mashariki, kilomita 7.5 kwa 1.8: kila mita moja ya kina ni mita za ujazo milioni 13.5. Wataalamu wamebishana miaka mingi kama yalikuwa ya kumwagilia au ya ibada. Kwangu ubishi huo hauna tija, kwa sababu mfalme aliyehakikisha maji ndiye aliyekuwa na uso mbele ya miungu.

Kinachoharibu baray ni mchanga. Maji ya Kulen hubeba mchanga mwingi. Ukifika kwenye maji yaliyotulia unatua, mlango wa kuingizia unaziba, na kila ukarabati unataka tuta lipandishwe juu tena. Leo Baray ya Mashariki ni nchi kavu yenye mashamba, na hekalu la East Mebon, lililojengwa katikati yake mwaka 953 kama kisiwa, unalifikia kwa gari. Kule juu Kulen uchunguzi umeonyesha hatua ya mwanzo kabisa ya kazi hizi: bwawa kubwa lililopimwa, likaanzwa, halikumalizika. Makao ya mfalme yalihamia uwandani Hariharalaya, mji uleule ambao Indravarman aliujengea bwawa lake la kilomita 3.8.